Jirani yangu sokoni ananunua jumla halafu anajiita mkulima, nishushe bei?

shamba_dogo

Wakuu salama? Naomba mawazo ya wale mnaouza wenyewe kwenye masoko ya wakulima mjini, hata wanunuzi mchangie tu.

Mimi na mke wangu tunalima mboga za majani, nyanya, matango na hoho, eneo sio kubwa. Zamani mzigo wote alikuwa anabeba dalali, anakuja na gari lake mpaka shambani na bei anapanga yeye, akisema leo soko limelala basi limelala, utabishana nae vipi wakati nyanya zimeshaiva na hazingoji mtu? Ndo tukaamua kuomba meza kwenye soko la wakulima la mwisho wa wiki, ambalo kwenye masharti yao wameandika kabisa kwamba muuzaji auze alichokilima mwenyewe.

Mwanzo palienda vizuri. Sasa kaja jamaa, meza ya pili kutoka kwangu, ana kila kitu, nyanya za saizi moja kazipanga kama matofali, karoti, vitunguu, maembe, matufaha, msimu wowote utakaoenda unavikuta, na makreti yake mengine yana nembo ya kampuni ya ufungashaji. Bango lake kubwa limeandikwa TUMELIMA WENYEWE. Bei zake ziko chini ya zangu kama robo hivi. Mteja anafika kwangu, anashika nyanya, anaibinya kabisa, anauliza bei, anasema nakuja, ndo haji. Ikifika mchana mboga zimesinyaa na wateja wamekatika, na mafuta ya gari nimeshalipa, ushuru wa meza nimeshalipa, narudi na nusu ya mzigo.

Mke wangu anasema tushushe bei tulingane nae. Mimi naona tukishusha tutakuwa tunalima bure. Na je nikamshtaki kwa kamati ya soko au ndo nitajitafutia maadui? Nyie mngefanyaje?

mzee_wa_kreti

Usishushe. Ngoja nikupe na sababu maana wengi watakwambia usishushe halafu hawakupi hesabu.

Huyo jamaa bei yake haitoki shambani, inatoka soko la jumla la siku ile. Mzigo ukifurika kule nyanya zinashuka mpaka chini ya gharama ya kuzilima, yeye anazibeba kwa bei hiyo, anaweka chake juu na bado yuko chini yako. Wiki nyingine mzigo ukiadimika anapanda, na wewe hapo hapo ulipo utaonekana wa bei rahisi. Ukianza kumfuata utakuwa unapanda na kushuka kwa ajili ya soko ambalo hata huingii.

Kipimo chako wewe ni dalali. Chukua ile bei ambayo dalali angekulipa kwa kreti pale shambani, maana hiyo hela ungeipata umelala kwako. Juu yake weka mafuta, ushuru, mifuko, vilivyopondeka njiani, na siku nzima ya watu wawili kusimama mezani, hapo ndo wengi wanajidanganya, muda wao wanauhesabu ni bure. Hizo gharama za safari gawanya kwa kreti ULIZOUZA, sio ulizopeleka. Ukijumlisha na ile ya dalali umepata kiwango ambacho hutakiwi kwenda chini yake. Chini ya hapo bora umpigie dalali aje abebe, na sitanii.

Sasa hapo kwenye "ulizouza" ndo penye ugonjwa wako. Gari linakunywa mafuta yale yale ukiuza kreti zote au ukiuza nusu, ushuru ni ule ule. Kwahiyo mimi nisingegusa bei kabla sijagusa mzigo. Peleka pungufu na uchambue kweli kweli, daraja la kwanza tu ndo liende mjini, zile zenye mikwaruzo na zilizopinda mpe dalali au tafuta wenye migahawa uwauzie kwa ndoo maana wao wanakwenda kuzipondaponda, sura haiwahusu. Ukimaliza mapema ukafunga ukaenda nyumbani unakuwa umepata zaidi ya yule aliyejaza meza mpaka jioni.

Halafu kitu kingine watu wanapenda kulalamika kwamba madalali wanakula hela yote. Takwimu za wizara ya kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba kwenye kila dola anayotumia mlaji kununua chakula, mkulima anabaki na kama senti 15 hivi (humo wamehesabu na migahawa, kwahiyo msianze kusema 85 zote kala dalali). Zinazobaki ni usafiri, kusindika, kufungasha, duka, umeme. Ukija mjini mwenyewe hizo kazi hazifutiki, umezibeba wewe mgongoni. Sasa unazifanya halafu bei unataka ya mtu asiyezifanya?

pilipili_kichaa

Bei umebandika au mpaka mtu aulize? Mimi nikiona meza haina bei napita zangu, kuuliza halafu kuondoka naona aibu. Pengine hao ndo wanaosema nakuja 😂

shamba_dogo

@pilipili_kichaa hatujabandika, mke wangu ndo anataja, anasema akitaja anapata nafasi ya kuongea na mtu.

pilipili_kichaa

Aongee tu shemeji yangu ila kibao kiwepo. Cha jamaa kipo, si ndio? Mtu ameshaiona bei ya kule kabla hajafika kwako.

dada_wa_majani

Nimesoma vizuri mpaka hapo uliposema "ikifika mchana mboga zimesinyaa" nikakwama. Kaka yangu hela yako inapotelea hapo, jirani umemsingizia mengine sio yake.

Hebu fikiria, kitu gani unacho wewe ambacho mtu wa jumla hawezi kukipata hata afanyeje? Ni masaa. Mzigo wake umevunwa, umelala, umepakiwa, umeshushwa jumla, umelala tena, ndo umefika mezani. Wako unaweza kuwa wa alfajiri ya leo. Ila ukiufikisha umesinyaa mteja atajuaje? Anaona mafungu mawili yamechoka sawa sawa na moja ni rahisi, hata mimi ningeenda kule.

Jani likishakatwa halijafa, bado linapumua, linakula sukari yake lenyewe na linapoteza maji. Joto likipanda nyuzi 10 kasi ya hiyo kazi inaenda mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Spinachi ikipoteza asilimia 3 tu ya uzito wake kwa maji tayari macho yanaona imechoka, na kama unauza kwa kilo hapo na mizani imeshakuibia. Kwahiyo vuna jua halijatoka, au jioni kabisa kama unalala na mzigo, usivune mchana hata kama kijana wa kukusaidia ndo ana nafasi mda huo. Zikitoka shambani ziende kivulini moja kwa moja, zichovye kwenye maji safi ya baridi zitoe joto la shambani, zichuje, funika na gunia lililoloweshwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa halafu ukakaa juani ni jiko hilo, usishangae zikitoka zimeiva.

Mezani usimwage zote. Weka chache za kuonekana na zingine zibaki kwenye kreti chini ya meza, unaongeza kila zikipungua. Na mwamvuli jamani, watu wanasimamisha mwamvuli asubuhi wakishamaliza hawaugusi tena, saa nne jua limehamia mezani na wao wamekaa kivulini wanapiga stori mboga ziko juani! Kunyunyizia maji sawa lakini yawe maji ya kunywa, sio ya ndoo uliyonawia mikono, kuna mtu anaenda kula hiyo saladi mbichi.

Nyanya ni habari nyingine kabisa, usizitendee kama majani. Majani yanataka baridi karibu na sifuri, lakini nyanya ukiziweka chini ya nyuzi 12 hivi ladha inakufa na zile ambazo hazijaiva haziivi tena vizuri. Matango na hoho nazo haziwezi baridi kali, ukiyatoa kwenye friji yenye nyuzi 3 au 4 baada ya siku kadhaa matango yanaanza madoa ya majimaji na kuoza. Kivuli na hewa inayopita vinatosha.

Halafu umesema una nyanya na matango, je vinalala pamoja kwenye gari? Nyanya zinazoiva zinatoa gesi ya ethilini, kama ndizi na maembe na maparachichi, na matango na majani yakikaa nayo usiku kucha sehemu iliyofungwa yanageuka njano. Tenganisha, au acha madirisha wazi.

Kama hamna umeme shambani kuna chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu. Kuna mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ndo alivisambaza sana kwa wakulima miaka ya 1990. Kwa kreti nyingi wanajenga kisanduku cha tofali chenye kuta mbili na mchanga katikati unamwagilia asubuhi na jioni, kanuni ni ile ile maji yakikauka yanaondoka na joto. Ila nakwambia mapema, vinafanya kazi hewa ikiwa kavu. Kama huko kwenu hewa ina unyevu muda wote utamwagilia mpaka uchoke na baridi huioni.

shamba_dogo

@dada_wa_majani dah asante sana, vinalala pamoja kwenye pikapu na turubai juu. Nilikuwa najua matango yananjanoka kwa sababu ya mbegu.

@mzee_wa_kreti nimepiga hiyo hesabu na mke wangu jana usiku tumefika mahali hatuongei kwanza 😅 tulikuwa tunagawanya kwa tulizopeleka.

mchuuzi_halali

Naona hapa mimi ndo nasemwa, acha nijitetee.

Mimi nanunua jumla nauza rejareja, kwenye masoko mbalimbali, hata la wakulima ambako wanaturuhusu meza kadhaa. Silimi hata kiazi. Naamka usiku wa manane kwenda kuchagua mzigo na kuna siku naingia hasara kama nyie, mzigo ukinidodea hakuna serikali inayonionea huruma. Hiyo kazi sio haramu. Na niwaambie kitu ambacho wakulima hamtaki kusikia, mteja wa mjini ana kikapu kimoja na asubuhi moja. Akija akakuta meza zote zina spinachi na hakuna kitunguu wala tunda, anageuza anaenda duka kubwa na huko ananunua na spinachi. Nikiwepo na vitunguu vyangu anamaliza mahitaji hapo hapo na wewe anakupitia. Kiangazi mkiwa hamna kitu meza zenu zinabaki uchi, nani anafanya watu wasilisahau soko? Ni sisi.

Ila huyo jamaa wa bango NAMKATAA. Kama soko linasema walime wenyewe, na yeye kaandika kalima, huo ni wizi wa mchana na anatuharibia sisi wengine. Kwangu nimeandika vitu vimetoka mkoa gani na kwamba nimenunua, na nauza. Watu wala hawana shida ukiwaambia ukweli.

Kwahiyo ndugu mleta mada usiende kwa kamati kusema "wachuuzi waondoke". Nenda useme bango lisiwe la uongo. Ni mambo mawili tofauti.

mzee_wa_kreti

@mchuuzi_halali kwa hilo la kikapu kimoja nakubali. Ila masharti ya hilo soko yamesema alime mwenyewe, sio suala la bango tu. Kama wanataka wachuuzi wabadilishe masharti, watenge upande wenu, kila mtu ajue anaingia wapi. Kuacha sharti kwenye karatasi halafu mnaishi vingine ndo kunaumiza wale wanaolifuata.

mchuuzi_halali

Sawa hapo sibishi. Upande wetu uwe wa geti la kuingilia lakini 😂

kamati_zamani

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya soko la aina hii, niseme jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili wa meza.

Kwanza malalamiko haya ni ya zamani kuliko sisi wote. Soko la Pike Place kule Seattle, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1907 kwa sababu bei ya kitunguu mjini ilikuwa imepanda mara kumi ndani ya mwaka mmoja na wakulima hiyo hela hawakuiona, jiji likasema basi mkulima aje na mkokoteni wake auze mwenyewe. New York walipoanzisha masoko yao ya Greenmarket mwaka 1976 wakaweka sharti la kuuza ulicholima na wana wakaguzi wanaofika mpaka mashambani. California nao tangu mwaka 1977 wana mfumo wa cheti, afisa wa kilimo anakuja kukagua shamba, cheti kinaandikwa mazao uliyonayo, ukubwa wa eneo, makadirio ya mavuno na msimu wa kuvuna, na nakala unaitundika mezani. Na bado watu walidanganya, mpaka mwaka 2014 wakapitisha sheria nyingine, kila muuzaji mkulima aweke bango linalosema anauza alicholima, na ukisema uongo ni faini au hata kifungo. Mnaona? Bango kule lina nguvu kwa sababu kuna mtu amefika shambani kabla. Bango peke yake ni rangi tu, yeyote ananunua.

Sasa kesi yako. Ushahidi ulioleta hapa ungefika kwangu nilipokuwa kamati ningekurudisha, usikasirike. Nyanya saizi moja? Mbegu chotara kwenye grinihausi zinatoa saizi moja, na mtu akichambua vizuri ndo kabisa. Makreti yenye nembo? Nusu ya wakulima wanatumia makreti na maboksi ya mtumba. Msimu wowote yupo navyo? Kitunguu kikikaushwa vizuri kinakaa miezi, na karoti zikiwa kwenye baridi pia zinakaa. Bei ndogo? Hilo sio kosa hata kidogo, anaweza hata kuuza kwa hasara, hela yake.

Kitu kimoja tu ulichotaja kingenisimamisha: maembe na matufaha kwenye meza moja, kwa mtu mmoja, na anasema kalima vyote. Tufaha linahitaji baridi ili mti uchanue vizuri, mwembe ukipigwa na jalidi (baridi ya kuganda) unaumia. Haimaanishi haiwezekani popote duniani, kuna milima na mabonde yako karibu karibu, na kuna aina za matufaha zisizodai baridi nyingi. Lakini ni swali halali la kumuuliza mtu: mashamba yako yako wapi na wapi?

Namna ya kwenda. Usimtaje yeye. Andika barua kwamba unaomba kamati itekeleze sharti lake kwa WOTE ukiwemo wewe, kila mwenye meza awasilishe orodha ya alichopanda msimu huu, eneo lake, na lini anategemea kuvuna, halafu wapange kutembelea mashamba bila kutoa taarifa ya wiki nzima. Tafuta wenzako kadhaa mtie sahihi pamoja. Ukienda peke yako kumtaja mtu wa meza ya pili ambaye anakushinda bei, kamati inasikia wivu wa biashara hata kama una haki. Na orodha ya eneo ndo inayokamata watu, kwa sababu mtu mwenye nusu eka ya nyanya hawezi kujaza lori kila wiki mwaka mzima, hesabu inamsuta bila mtu kugombana nae.

Na uwe tayari, wakija kwako wakute kweli hayo matango yapo.

shamba_dogo

@kamati_zamani sijakasirika mkuu, makreti nimekubali maana na mimi nusu ya yangu ni maboksi ya ndizi na sijawahi kulima ndizi 😂. Hili la kuwaomba watutembelee wote nimelipenda, kuna mama wa upande wa pili anauza uyoga na jamaa wa mayai nao wanalalamika chini chini, nitawafuata.

Matango yapo, waje hata kesho.

mla_mboga

Mimi silimi, ni mteja tu wa masoko haya, ngoja niseme kinachonifanya nilipe zaidi kwa mtu fulani na wengine niwapite.

Bango sisomi. Yaani kila mtu kaandika freshi, asili, halisi, kutoka shamba, macho yameshazoea. Ninachofanya nauliza swali. "Hii umevuna lini?" Mkulima anajibu bila kufikiri, jana jioni, au anasema hii ya asubuhi ila hiyo nyingine ni ya juzi chukua hii. Muuzaji wa kununua anasema "freshi kabisa hiyo mama". Nyingine nauliza mara ya mwisho ulipiga dawa lini na dawa gani. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna, kuna za siku chache na kuna za wiki kadhaa, mkulima mwenye akili anazijua na anakwambia nilipiga siku fulani nikangoja. Akikwambia "hatupigi dawa kabisa" huku nyanya hazina hata doa moja msimu wa mvua mimi naondoka taratibu 😄

Na msiandike ogania kama hamna cheti, nchi nyingi neno hilo lina sheria yake. Andika ulichofanya: tunatumia samadi, dawa tunapiga wadudu wakizidi, tunasubiri siku kadhaa. Mtu mzima anaelewa.

Kingine kuonjesha. Mnikatie nyanya nionje! Kisu safi, sahani yenye kifuniko, vijiti vya meno, basi. Nyanya iliyoivia kwenye mche na ile iliyovunwa ya kijani ili ivumilie safari hazilingani mdomoni hata kidogo, na huyo jirani hawezi kukufuata kwenye hilo. Mwachie yeye bei, wewe chukua mdomo.

pilipili_kichaa

Sasa mabaki je? Mimi ningesema saa ya mwisho piga bei ya kutupa, bora hela kidogo kuliko kurudi na majani.

mzee_wa_kreti

@pilipili_kichaa ukifanya hivo kila wiki wateja wanajifunza, wanakuja saa hiyo hiyo, asubuhi wanakuchungulia tu. Nimeona meza inakufa hivyo, asubuhi patupu, jioni foleni.

dada_wa_majani

Mimi sishushi ila naunganisha. Saa za mwisho fungu la majani linaenda pamoja na nyanya zilizoiva sana na hoho moja, mfuko mmoja bei moja, mtu hawezi kukumbuka kila kimoja kilikuwa shilingi ngapi au dola ngapi. Na wale wateja wangu wa kudumu nina kundi lao la WhatsApp, siku mbili kabla natuma picha ya kilichopo shambani wanaagiza, navuna nikijua nusu ina wenyewe. Hiyo ndo imenipunguzia mabaki kuliko punguzo lolote. Vinavyobaki kabisa wanakula kuku.

mchuuzi_halali

Au niuzie mimi hayo mabaki kabla hujafunga, nikauze jioni kwenye soko la mtaani. Tutakuwa tumepatana mkulima na mchuuzi 😂 lakini serious, wakulima kadhaa nafanya nao hivyo.

shamba_dogo

Wakuu nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimekaa na mama watoto tumekubaliana bei haishuki. Wiki hii tunapunguza mzigo, kibao cha bei kinaandikwa leo (kaandika yeye na ana mwandiko mzuri kuliko mimi), majani yanavunwa alfajiri na matango yanasafiri mbali na nyanya. Sahani ya kuonjesha pia, ila sheria za soko letu kuhusu kuonjesha itabidi nimuulize msimamizi kwanza. Barua kwa kamati naandaa na mama wa uyoga, jina la jamaa halimo.

Swali la mwisho, mzani ninaotumia ni ule mdogo wa jikoni wa betri, kuna mteja aliniuliza kama umekaguliwa sikuwa na jibu. Inahitajika kweli kwa meza ndogo kama yangu?

kamati_zamani

Inahitajika. Nchi nyingi mzani wa kuuzia lazima uwe umehakikiwa na mamlaka ya vipimo na una stika au muhuri, na hiyo mizani ya jikoni mingi haipokelewi hata ukiipeleka kwa sababu haikutengenezwa kwa biashara. Nunua ile ya biashara yenye kioo pande mbili, mteja aone namba anapoona na wewe. Mpaka uipate uza kwa fungu na kwa idadi, matango kwa moja moja, hoho kwa tatu tatu, na andika hivyo kwenye hicho kibao cha shemeji. Na fanya hili kabla barua haijafika, wakija kukagua meza zote wataanza na mizani.